Mwanza Kinyumenyume: Kutoka Kumi Hadi Moja, Bila Kutoa Simu

Unamjua mtu huyu. Amerudi safari juzi, simu imejaa picha, na ukimuuliza ilikuwaje anajibu, "Ngoja nikuonyeshe." Anapekua. Anakuonyesha kidole chake kilichoziba kamera. Anapekua tena, chaji inakata, na safari nzima inaishia hapo. Hana la kuongeza.

Yeye ndiye aliyenipa kipimo cha orodha hii, bila kujua. Kila nilichokiweka hapa kimepita kwenye swali moja: mwaka ukishapita, unaweza kukisimulia ukiwa umekaa na watu, mikono mitupu, simu iko kwenye chaji chumba cha pili? Kinachohitaji simu kimewekwa mwanzoni, namba kumi. Kadiri tunavyoshuka, simu inazidi kukosa kazi. Wenye kampuni za utalii wanaweza kuwa na mpangilio mwingine. Wao wana vipeperushi, mimi nina mdomo.

Tahadhari kabla hatujaanza: mpangaji ni mtu wa huku. Upendeleo upo wa kutosha, na malalamiko yanapokelewa yakiambatana na sato.

10. Jiwe la Bismarck

Tulipe deni kwanza. Hakuna aliyekuja Mwanza akarudi bila picha ya hili jiwe lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, jiwe limebeba jiwe mwenzake kwa namna ambayo injinia yeyote angekataa kuisainia. Piga. Jua likizama, piga tena. Hata mimi ninayo.

Ila fikiria kidogo. Jiwe lina jina la Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, ambaye hakuwahi kukanyaga hapa. Limesimama ndani ya ziwa lenye jina la Malkia Victoria, ambaye naye hakuja. Wewe umetoka Mbagala kwa basi, umelala umekaa, miguu imevimba, umefika kweli kweli, na hakuna hata kichochoro kilichopewa jina lako. Peleka malalamiko kwa Wajerumani, walioweka kituo chao hapa mwaka 1892. Sisi tuliyakuta majina yapo tayari ukutani.

Ukitaka mawe ya kusimulia, achana na hili la kwenye kadi, panda Igogo au Mabatini. Huko nyumba zimejengwa katikati ya mawe, ubavuni mwa mawe na juu ya mawe. Gari halifiki mlangoni. Kabati, kitanda, mfuko wa saruji, vyote hupanda kwa mabega ya watu. Utakuwa katikati ya kilima, umeshika kiuno, unajifanya unatazama mandhari, na bibi mwenye ndoo ya maji kichwani atakupita akikusalimia vizuri, bila kuhema. Hiyo utaisimulia. Jiwe lenyewe linabaki namba kumi.

9. Saanane

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ina kilomita za mraba 2.18, na hapo tumehesabu na maji. Serengeti wana zaidi ya elfu kumi na nne. Hatushindani. Sisi tuna hifadhi ambayo unaitazama ukiwa umesimama mjini, unapanda boti, dakika chache umefika, na mchana umesharudi kula.

Ilianza mwaka 1964 ikiwa bustani ya wanyama, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kuna swala pala, kuna kenge wanaotembea taratibu wakijua hakuna wa kuwaharakisha, kuna mijusi ya mawe yenye vichwa vyekundu. Na kuna pimbi. Huyu mnyama mdogo, anayeota jua juu ya mwamba asubuhi nzima, ni jamaa wa karibu wa tembo. Wataalamu wa koo za wanyama wamefuatilia wakakubaliana. Kwa hiyo mtu akikuita pimbi pale stendi, usikunje ngumi. Mwambie shikamoo inatosha, tembo ni baba mdogo.

Kilichonifanya nisiiache nje ya orodha ni jina. Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima aliyeishi kisiwani kabla ya wanyama kuletwa. Baada ya kansela na malkia ambao hawakuja, hatimaye tumempata mtu aliyepewa mahali kwa sababu alikaa pale.

8. Makoroboi

Mtaa wa biashara uliopata jina kutokana na mafundi waliokuwa wakitengeneza koroboi, zile taa za bati za mafuta ya taa. Utaingia kutafuta soksi, utatoka na sufuria, redio na mkanda usiokutosha. Uko namba nane kwa sababu ulichonunua kitaharibika kabla hujamaliza kukisimulia. Tuendelee.

7. Kusafiri kama Speke (usijaribu)

Tarehe 3 Agosti 1858 alitokea hapa Mwanza mgeni aitwaye John Hanning Speke. Alikuwa ametoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ambako alimwacha mwenzake Richard Burton akiuguza mwili. Akapanda kilima, akaona maji hayana mwisho, akaamua papo hapo: hapa ndipo mto Nile unapoanzia. Akalipa ziwa jina la malkia wake. Siku chache baadaye, huyoo, amegeuza.

Hebu tazama ratiba hiyo. Hakuvuka. Hakulizunguka. Hakula hata sikukuu moja na wenyeji. Watu wa pembezoni walikuwa na majina yao siku zote, huku Nyanza, kule Buganda Nalubaale, na sidhani kama kuna aliyekuwa akisubiri lipatikane lingine. Ni mtalii kamili: kafika, kaona, kaandika maelezo chini ya picha, kaondoka.

Cha kuudhi ni kwamba alipatia. Burton alimbishia miaka, na kule Uingereza ukaandaliwa mdahalo wao wawili katika mji wa Bath, Septemba 1864. Siku moja kabla ya mdahalo, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Ushahidi wa maana ulikuja mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipoondoka na mashua kutoka Kageye, upande wa Magu, mwezi Machi, akarudi mwezi Mei akiwa amelizunguka ziwa lote. Ndiyo kusema: mmoja alisema kweli bila kujua, wa pili akaja kujua kwa makasia. Makasia ya watu wengine, bila shaka, maana hawa wageni wetu walikuwa wazuri sana wa kukaa nyuma ya mashua.

Ninayempenda mimi katika msafara ule ni Sidi Mubarak Bombay. Myao, aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India, akarudi Afrika, akamwongoza Speke mpaka hapa, na baadaye akavuka bara zima hadi Atlantiki na msafara wa Cameron. Hakubatiza hata kijito. Ukipanda kilima cha Isamilo jioni ukaona maji, kaa umtaje huyo.

6. Sato, na maneno yanayoliwa pamoja naye

Mtu wa Mwanza akikukaribisha samaki, kikao hicho kina kanuni. Kwanza unamchagua sato mwenyewe, na unajifanya unajua kuchagua: unafunua shavu, unatazama wekundu, unatikisa kichwa. Mama anayeuza anakutazama tu. Anajua huoni kitu. Pili, unaanza kuomba apunguze. Atakuita baba, atakuita mwanangu, atakuita bosi, na kufika hapo bei itakuwa imepanda. Tatu, ugali. Ukipata wa muhogo, wa udaga, usiulize kijiko. Nne, usiseme umeshiba kabla kichwa cha samaki hakijashughulikiwa, kwa sababu utaonekana hukulelewa.

Asubuhi nenda Mwaloni, Kirumba. Hapo ndipo ziwa linapouzwa kwa gunia: dagaa, kayabo, samaki wa moshi, na wanunuzi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wakipatana kwa Kiswahili cha kila rangi. Utasikia Kiswahili cha Bukavu kikikwaruzana na cha Sengerema, na pesa zikielewana kabla ya wenyewe. Usivae nguo uipendayo. Harufu ya pale haifuliki, inazoeleka.

Kuna samaki ambaye hawezi kuliwa bila habari yake. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akaota mwili, akala furu wa mamia ya aina mpaka nyingi zikatoweka. Kisha vikaja viwanda. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, yakashuka mtaani yakawa kitoweo. Mwaka 2004 mtengeneza filamu wa Austria, Hubert Sauper, akaifanya habari hiyo kuwa filamu iitwayo Darwin's Nightmare. Ikazunguka dunia, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani kwamba inaichafua nchi. Mpaka leo ukilitaja jina lake kwenye meza ya samaki, chakula kitapoa. Mmoja atasema ilitudhalilisha, mwingine atasema mapanki aliyala kwa miaka na hakuna aliyemuuliza kama anadhalilika. Mimi husogeza sahani karibu nikawaacha wabishane. Mgeni aliyekaa kwenye ubishi huo mpaka mwisho ameiona Mwanza zaidi ya aliyekula minofu kimya kimya hotelini.

Kuhusu zawadi: beba michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, vibichi kwa vilivyochemshwa. Vinatafunika njia nzima na havina kesi. Dagaa pia beba, ila ujue kuanzia Shinyanga basi zima litakuwa linafahamu ulichobeba, na konda atapita akinusa siti moja moja kama afisa forodha. Usimtazame machoni.

5. Sokwe waliorudi kutoka Ulaya

Kisiwa cha Rubondo, upande wa Geita, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Nzohe wapo, ndege wapo, misitu ipo. Lakini waulize habari za sokwe mtu.

Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na shirika la wanyama la Frankfurt walileta hapa sokwe mtu wapatao 17 kutoka bustani za wanyama na vizimba vya Ulaya. Wengi asili yao Afrika Magharibi. Walikuwa wamekamatwa wadogo, wamekulia nyuma ya vyuma, wamelishwa kwa saa, wametazamwa na watoto wa shule Jumapili. Halafu siku moja: boksi, meli, kisiwa katika Ziwa Victoria, mlango wazi. Hakuna aliyewafundisha tunda lipi linaliwa. Hakuna aliyewaonyesha jinsi ya kupanga kitanda cha majani juu ya mti. Wakajua. Wajukuu wao wapo msituni mpaka leo.

Sisi tuna ndugu waliokaa Ulaya miaka miwili, wakirudi hawawezi tena kula ugali wa mtama na wanataka maji ya chupa ya kunawia uso. Wangepitia Rubondo kwanza, wiki moja tu, kwa semina.

Kuwaona ni kazi. Unatembea msituni kutwa, unasikia kelele, unaona tawi linatikisika, basi. Mwenye haraka atasema hakuona kitu. Picha yake itaonyesha jani. Lakini mpe nafasi asimulie hao sokwe walitoka wapi, uone kama kuna atakayeomba kuiona picha.

4½. Taa za dagaa

Hii ni nusu kwa sababu ni bure na huna pa kukata tiketi. Usiku wa giza, mwezi haupo, tafuta mahali pa juu penye kuona ziwa. Wavuvi wa dagaa wametandaza taa zao juu ya maji, dagaa wafuate mwanga. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Utadhani kuna mji wa pili umejengwa huko majini bila kibali.

Mbalamwezi ikijaa, kazi inasimama, mji ule unahama, wavuvi wanashona nyavu na kudaiwa madeni.

Jaribu kupiga picha. Utapata weusi na vidoti vitatu. Mwonyeshe mtu, atakuuliza kama kioo cha simu kimechubuka.

4. Foleni ya Kigongo (marehemu)

Nielewe vizuri hapa. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, kutoka Kigongo upande wa Misungwi hadi Busisi upande wa Sengerema. Leo gari linavuka dakika chache tu. Kabla ya hapo ulisubiri kivuko, na kusubiri kwenyewe kuliweza kula saa mbili, na kivuko kikishaondoka, basi, umesimama unakitazama mgongo. Aliyewahi kusubiri pale akiwa na mgonjwa ndani ya gari, au mjamzito aliyeanza uchungu, hana hata chembe ya kumbukumbu tamu, na mtu akimwambia kivuko kilikuwa na raha zake anastahili kujibiwa vibaya. Daraja ni bora. Nukta.

Sasa baada ya nukta hiyo: raha zake kilikuwa nazo.

Foleni ile ilikuwa mkutano wa hadhara usio na mwenyekiti. Mabasi ya Geita na Bukoba, malori ya kwenda Rwanda, harusi moja imechelewa, mchungaji mmoja amepata mkutano wa injili ambao hakuuandaa. Mayai ya kuchemsha, karanga, mahindi, samaki wa kukaanga waliozungushiwa gazeti. Watu walijua kuliko redio. Ungeshuka garini hujui mtu, na kivuko kinapogusa ng'ambo umeshajua nani anauza ng'ombe Katoro, shilingi ngapi, na kwa nini mkewe hataki. Madereva walilala usingizi halali. Hakuna mwajiri aliyeweza kuwadai saa hizo.

Ukipita darajani leo, punguza mwendo kidogo, kwa kadiri trafiki watakavyokuruhusu. Kisha fanya hivi: simama Busisi ununue kitu, chochote, na ukae ukile palepale. Waliokuwa wakiuza kwenye foleni ilibidi watafute riziki upya, na wewe una saa mbili ambazo hukuzitegemea.

3. Igoma

Namba hii haina utani.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Walikufa zaidi ya watu 800. Wengi wamezikwa Igoma, kando ya barabara ya Musoma, na mnara wao uko pale. Daladala hupita siku nzima. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, zaidi ya watu 220 wakafa. Wao wana makaburi yao hukohuko Ukara.

Nenda Igoma kabla ya kupanda meli yoyote. Soma majina. Mwanza kila mtaa una mtu wa Mei ile, na ukikaa muda wa kutosha atakusimulia bila kuulizwa. Simu iache mfukoni.

2. Meli ya Nansio

Kutoka bandari ya Mwanza hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, ni kama saa tatu. Watu wa haraka watakuambia kuna njia ya kuzunguka Bunda, ufike Kisorya, uvuke kivuko kifupi. Wasikilize, washukuru, panda meli.

Saa tatu ni muda mzuri. Ni mrefu mno kwa kunyamaza na mfupi mno kwa kugombana. Nusu saa ya kwanza utakuwa mgeni, umekumbatia begi. Nusu saa ya pili mama aliyekaa jirani atasema, "Mwanangu, nishikie huyu, nakuja." Utapewa mtoto. Hutaulizwa kama una uzoefu. Mama atakwenda kutafuta chai, atakutana na shoga yake wa zamani, na mtoto atalala kifuani kwako huku mate yakishuka kwenye lile shati la safari. Abiria wengine wataanza kukuita baba fulani. Wanaume wawili watakufundisha jinsi ya kumshika shingo, kila mmoja kwa namna yake, na watabishana. Mama akirudi, atakuuliza swali ambalo kisiwani linatangulia jina lako: "Unafikia kwa nani?"

Ukijibu hoteli, atakutazama kwa huruma.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani, kina machungwa yanayovuka kuja kuuzwa mjini, kina mawe ya kupanda kule Handebezyo, na wenzao wa Ukara wana jiwe linalocheza. Lakini kilichonifanya niiweke hii meli namba mbili ni mzee mmoja wa Kagunguli. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945: habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Hakukuwa na mchapishaji wa kitabu cha Kikerewe. Akasubiri. Uzeeni akakaa akaitafsiri yote kwa Kiswahili kwa mkono wake, na Tanzania Publishing House wakaichapa mwaka 1980. Kitereza akafariki mwaka 1981 kabla hajashika nakala mkononi. Wewe ulitaka kulalamika kwamba meli imechelewa kung'oa nanga?

Na safari kubwa katika kitabu hicho ni ipi? Hakuna anayekwenda Ulaya. Mume anatembea kwa miguu kwenda ukweni kuomba radhi, kwa sababu mkewe amerudishwa kwao baada ya kutukanwa na ndugu wa mume kwamba hazai. Wakwe hawamfukuzi. Wanamlisha, wanamsikiliza, kisha wanamtoza pombe ya ndizi. Anarudi kutafuta ndizi. Kurasa kwa kurasa za mtu kwenda, kusalimia, kukaribishwa, kula, kuaga, kusindikizwa. Nimesoma vitabu vya wasafiri waliopanda milima na kuvuka majangwa. Sijaona aliyetokwa jasho kama Myombekere mbele ya baba mkwe.

Kisome kabla ya kwenda, ukipata nakala. Ukikosa, mwombe simulizi yake yule mama mwenye mtoto. Kuna uwezekano anaijua, na kuna uwezekano mkubwa atakurudishia mtoto ili asimulie vizuri.

1. Kisesa, mwezi wa Juni

Panda daladala ya Kisesa. Konda atakuita ngosha, yaani mwanaume kwa Kisukuma, hata kama umetoka Tanga. Usibishe, ni cheo. Ukishuka, uliza Bujora. Padre Mkanada, David Clement, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alianzisha hapo makumbusho ya Wasukuma, na utakuta ngoma za watemi, nyumba za kale, na banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Ni mahali pazuri mwaka mzima. Lakini wakati wa Bulabo, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hapo tunaongea mambo mengine.

Ni mashindano ya ngoma, na pande ni mbili: Bagika na Bagalu. Inasimuliwa kwamba zamani walikuwepo mabingwa wawili, Ngika na Gumha, wakabishana nani ana dawa kali ya kuvuta watu. Wakaamua kuipima uwanjani. Ubishi wao ukazaa vikundi, vikundi vikazaa vikundi, na mpaka leo haujapata suluhu, na naomba usipate.

Sasa sikiliza jinsi wanavyohukumu. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja. Watazamaji wako huru kwenda watakako. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Kura yako ni nyayo zako. Kwa hiyo ukisimama hapa unampa huyu, ukihama unamnyang'anya, ukikaa katikati ukijifanya mwandishi wa habari utasukumwa mpaka uchague. Huo ndio uwanja pekee ninaoujua ambapo haiwezekani kuwa mtalii. Umekuja kutazama, umeshahesabiwa.

Na wachezaji wanajua. Ndiyo maana hawachezi tu, wanakutongoza. Bugobogobo wanaingia na majembe, wanayarusha hewani, yanazunguka, wanayadaka kwa mgongo wakiwa hawajapoteza mapigo. Ngoma hiyo ilizaliwa shambani, kwenye kilimo cha pamoja, na bado unaona udongo ndani yake. Upande wa pili ukiona watu wanahama, unatoa kitu kingine. Kinyago kirefu. Mchekeshaji aliyevaa gauni la mkewe. Kisha, ikishindikana kabisa, chatu. Mzima, mnene, anafunguliwa kutoka kwenye gunia na kuvishwa shingoni na mtu anayetabasamu. Hapo uwanja mzima unakimbilia kule, na wakati huohuo nusu yake inakimbia kutoka kule, na waamuzi wana kazi ya kujua nani anafuata na nani anatoroka.

Vumbi litakuingia mpaka kwenye meno. Utapoteza wenzako. Bibi mmoja usiyemjua atakushika mkono akuvute upande wake, akikueleza kwa Kisukuma kwamba hao wengine si lolote, nawe utajibu neno pekee ulilofundishwa asubuhi, mhola, yaani salama, na yeye atalichukua kuwa umekubali kila kitu. Ukitoa simu, mikono yako haitapiga makofi, na kikundi kitakuwa kimepungukiwa na mtu mmoja. Watakuona. Watakuimba.

Mimi nasimama na Bagalu. Watu wa Bagika najua mtaniandikia, na nitawasoma nikiwa nimesimama palepale. Njoo Juni uongeze idadi. Na siku ukinikuta upande wa pili, usipeleke maneno kwa watu: nitakuwa nimemfuata chatu.